Mama Mkutubi Anajibu: Warsha ilifana, vyeti tukapewa, hazina ya chuo bado tupu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka vyuoni, na zinagusa jambo moja: nyenzo huria za elimu. Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni kwake, hizi ni vitabu, vitini, picha, video na mitihani ambayo mwenyewe ameruhusu kwa maandishi, yaani kwa leseni, mtu yeyote aitumie bila kumwomba tena, na mara nyingi airekebishe na kuisambaza pia. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hao wengine wote wangesaidika kama mwandishi wake angefaulu.

*Mama Mkutubi, pokea salamu. Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo kikuu kimoja upande wa Kakamega. Mwaka jana tulipelekwa hoteli moja Kisumu kwa siku mbili, wahadhiri na wakutubi pamoja, tufundishwe habari za nyenzo huria. Slaidi zilikuwa nyingi, samaki alikuwa mtamu, vyeti tukapewa. Tangu turudi hakuna mhadhiri hata mmoja aliyeleta kitu maktaba. Sasa mkubwa wangu ameniagiza niandae mafunzo mengine, na safari hii hakuna hoteli. Pesa iliyopo ni ya chai na mandazi. Nianzie wapi?*
*Mkutubi Msaidizi, Kakamega*

Mwanangu, chai na mandazi zinatosha kabisa. Hata hoteli sioni kama ndiyo iliyowaangusha. Kilichowaangusha ni kwamba mhadhiri alikaa siku mbili akisikiliza historia: kwamba jina la nyenzo huria lilitoka kwenye mkutano wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, jijini Paris mwaka 2002, kwamba chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kuwa kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, kwamba mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi ambalo jambo lake la kwanza ni kuwajengea watu uwezo. Yote ni kweli, na yote mtu anaweza kuyasoma akiwa ndani ya matatu. Jumatatu akarudi kazini, akakuta darasa limejaa hadi mlangoni, kozi ni ileile, kitini ni kilekile, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha pa kuyaingiza aliyoyasikia.

Wewe anza na kitini. Kabla hujamwalika mtu, toka nje ya geti la chuo uende kwa wale wa fotokopi. Waulize ni kitini cha kozi gani kinachotolewa nakala nyingi muhula ukianza, na ni kitabu gani wanafunzi huleta sura mojamoja. Hao vijana wanayajua mahitaji ya wasomaji kuliko rejista yetu ya kuazimisha vitabu, na nasema hivyo nikiwa nimeisimamia rejista hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu. Wakikutajia kozi nne au tano, walimu wa kozi hizo ndio wa kualika. Usialike kitivo kizima. Ukialika kitivo kizima watakuja wale wanaopenda mikutano.

Kisha kila mhadhiri mpe mkutubi wake, wakae meza moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mhadhiri analijua somo lakini leseni haisomi. Akiona kitu kinafunguka bila kulipiwa, anaamini mambo yamekwisha. Mkutubi anaisoma leseni, anajua kutafuta, anajua kuandika rekodi itakayoonekana mtu akitafuta, ila hajui ni kwa nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukwama kwenye sura ya tatu. Ukiwafundisha mbali mbali, kila mmoja anarudi ofisini na nusu ya kazi, na zile nusu mbili hazikutani kamwe. Nimeona vyuo vikiwafunza wakutubi peke yao, wakaiva vizuri, halafu wakakaa na ujuzi wao wakingoja mtu abishe hodi.

Vipindi viwe vya saa moja, mara moja kwa wiki. Nikuonyeshe vinavyokwenda. Tuseme umempata mwalimu wa utangulizi wa takwimu, kozi iliyoko kila chuo na inayoogopwa kila chuo. Kuna kitabu kiitwacho Introductory Statistics cha Barbara Illowsky na Susan Dean, kilichotolewa na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas. Kipindi cha kwanza kazi ni moja tu: mhadhiri anaweka mwongozo wa kozi yake mezani, mkutubi anafungua yaliyomo ya kitabu, wanaoanisha wiki kwa sura. Wataona sura kadhaa hazihitajiki, na jambo moja au mawili ya mwongozo hayamo kitabuni. Hayo ndiyo ya kutafutwa kwingine au kuandikwa.

Kipindi cha pili waisome leseni wenyewe, kwenye ukurasa wa kitabu chenyewe, bila mtu kuwahadithia. Watakuta hicho cha takwimu ni CC BY, mojawapo ya leseni za shirika la Creative Commons: fanya utakalo, mradi utaje aliyekitunga. Halafu wafungue kitabu cha Calculus cha haohao OpenStax. Kile kina CC BY-NC-SA. NC ni kwamba hukitumii kibiashara, na SA ni kwamba ukikirekebisha unaitoa kazi yako kwa leseni ileile. Mchapishaji mmoja, masharti mawili. Aliyeliona hilo kwa macho yake halisahau, na hapo zile haki tano anazozitaja David Wiley, mtaalamu wa nyenzo huria, yaani kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine na kuisambaza, zinaingia kichwani bila slaidi hata moja.

Utamu wenyewe uko kipindi cha tatu na cha nne, na hapa usiharakishe. Mifano ya kitabu kile ni ya Marekani, bei zake ni za dola. Mhadhiri atoe mfano mmoja wa wastani, aweke wa sokoni kwenu. Awatume wanafunzi waulize bei ya gorogoro moja, lile kopo la kupimia, ya maharagwe kwa wauzaji thelathini, waandike, warudi darasani wapige hesabu. Wastani watapata. Kisha awaulize kama magorogoro yote yalikuwa sawa. Darasa zima litacheka, maana kila mtu aliyelelewa huku anayajua yale yaliyobonyezwa kitako kwa ndani ili yabebe kidogo. Basi wapime tena, safari hii kwa kilo, walinganishe hesabu mbili. Wamejifunza tofauti kati ya bei inayopanda na kushuka na kipimo kinachodanganya, jambo ambalo vitabu vingi hulipitia kwa mistari michache mikavu. Mwaka unaofuata darasa jingine linaongeza takwimu zake juu ya zile. Huo ndio ufundishaji huria ninaoupenda: mwanafunzi hatengenezi kazi ya kusahihishwa na kutupwa, anaacha kitu ambacho mdogo wake atakitumia. Majina ya wauzaji yasiandikwe, tafadhali, na mwanafunzi asiyetaka kazi yake ichapishwe asilazimishwe.

Kipindi cha tano ni cha kuandika chanzo. Wahadhiri huona ni jambo la kufikiwa mwishoni kama muda upo, na ndilo linalowaponza. Mistari yenyewe ni hii: "Sura hii imerekebishwa kutoka Introductory Statistics ya Barbara Illowsky na Susan Dean, OpenStax, leseni CC BY 4.0. Mifano ya soko imeongezwa na mazoezi ya mwisho yamebadilishwa." Ongeza anwani ya mtandaoni ya kitabu na ya leseni. Jina la kazi, waliotunga, kilikotoka, leseni, na ulichobadilisha. Mkutubi asikubali faili isiyo na mistari hiyo, hata kama aliyeileta ni profesa.

Kuipakia kwenye hazina ya chuo, ile hifadhi ya mtandaoni ya kazi za chuo, ni kazi ya dakika chache kama mnatumia programu ya DSpace, sitakuchosha nayo. Ila mambo mawili yaangaliwe. Weka faili ya kuharirika kando ya ile ya PDF, la sivyo mwenzako wa Bungoma atakayetaka kuirekebisha ataanza kuchapa upya. Na igawe sura kwa sura. Mwanafunzi anayenunua bando ya shilingi ishirini hafungui kitabu kizima chenye picha za rangi. Ataliona duara likizunguka hadi bando iishe. Nakala nyingine ikae kwenye kompyuta za maktaba, mtu achukue kwa flashi hata siku mtandao umelala.

Vyeti usiwanyime watu, Wakenya tunapenda cheti na mafaili yetu yanakihitaji. Lakini kitolewe siku rekodi inapoonekana kwenye hazina, na jina la sura liandikwe humo. Utashangaa watu watakavyokumbuka vipindi.

Mkutubi naye pia lazima ajifunze, maana wengi wetu tulisomea ukutubi wa kadi na namba za Dewey za kupangia vitabu. OER Africa, mpango wa shirika la Saide ulioanza mwaka 2008, una mafunzo mafupi ya kujisomea kuhusu kutafuta nyenzo huria na kuzirekebisha, bila malipo. Umewahi pia kushirikiana na AfLIA, jumuiya ya maktaba za Afrika yenye makao yake Accra, kuwafunza wakutubi wa bara hili. Creative Commons wana kozi ya cheti yenye mkondo wa walimu na wa wakutubi wa vyuo. Kozi hiyo ina ada, na si ndogo kwa mshahara wetu, lakini masomo yenyewe yamewekwa wazi. Mnaweza kuyasoma pamoja mezani bila kulipa, mkakosa cheti tu.

Anza wiki ya tatu ya muhula. Wiki ya usajili hakuna atakayekusikia, na ya mitihani ndiyo kabisa. Kukizuka mgomo, vipindi vya saa moja husimama na kuendelea. Mkifika mwisho wa muhula na sura tatu zilizokamilika, hao walimu watatu ndio waongee na kitivo muhula unaofuata. Wewe kaa nyuma ugawe mandazi.

*Mama, nafundisha ugani wa kilimo, Njoro. Nilitafsiri makala moja ya Kiingereza kuhusu magonjwa ya mahindi ili ifae wakulima na wanafunzi wangu wa stashahada, nikaipamba kwa picha nilizotoa Google. Mkutubi amekataa kuipakia kwenye hazina. Anasema leseni ya makala ni CC BY-NC-ND. Mimi siuzi kitu! Huyu dada ananitafutia nini?*
*Mwalimu wa Mimea, Njoro*

Mwalimu, huyo dada mnunulie chai. Umeisoma ile NC peke yake ukaona huuzi, ukaruka ND, na ND ndiyo iliyokufunga: hairuhusiwi kusambaza kazi iliyorekebishwa, na tafsiri inahesabiwa kuwa marekebisho. Ungeitafsiri ukaisoma mwenyewe nyumbani, leseni ya toleo la 4.0 haina neno nawe. Kuipakia ndipo unapokosea.

Njia zipo. Mwandikie mwenye makala umwombe ruhusa ya tafsiri ya Kiswahili. Anwani ya mwandishi iko ukurasa wa kwanza, na watafiti wengi hufurahi kusikia kwamba kuna mkulima anayetaka kuwasoma. Akikubali, barua yake ihifadhiwe maktaba. Asipojibu, andika maelezo yako kwa maneno yako, kwa sababu ukweli kuhusu ugonjwa hauna mwenyewe, yenye mwenyewe ni maandishi. Makala ya asili weka kiungo chake.

Kuhusu picha: Google haimiliki picha, inakuonyesha tu zilipo. Kuna kichujio cha haki za matumizi, kitumie, lakini kisha ingia kwenye ukurasa wa picha uthibitishe. Au chukua simu, toka nje. Njoro nzima ni mahindi. Picha ya jani lenye ugonjwa uliyoipiga shambani kwa jirani ni yako, iachie leseni ya CC BY, na wenzako wa Kitale wataitumia na jina lako likiwa chini yake.

*Shikamoo Mama. Kwa miaka mingi nimeandika vitini vyangu mwenyewe na kuviuza kwa wanafunzi kwa bei ya chini. Sasa naambiwa niviweke wazi. Je, huko si kumpa mtu wa fotokopi mtaji wa bure? Na nikibadili mawazo baadaye?*
*Mhadhiri, Bondo*

Marahaba. Nitakujibu bila kuzunguka: mtu wa fotokopi tayari anauza vitini vyako. Mwanafunzi mmoja ananunua kwako, kumi wanatoa nakala ya yule mmoja. Wewe unachopata ni kidogo na lawama juu.

Lakini swali kubwa hukuliuliza. Vitini hivyo ni vya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika kutekeleza kazi yake, hakimiliki yake inahamia kwa mwajiri, isipokuwa kama nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kabla ya kuviuza, na kabla ya kuvigawa bure, tafuta sera ya chuo chako kuhusu mali ya ubunifu. Nimekutana na wahadhiri wengi wasiojua kama sera hiyo ipo, na maktaba kadhaa ambazo nazo hazina nakala yake. Ikiwa sera inakuachia wewe haki, ni vyema. Ikiwa inakipa chuo, basi leseni itolewe kwa jina la chuo na wewe utajwe kama mtunzi, na jambo hilo liandikwe.

Ukiwa huru kuchagua na bado unaogopa wachuuzi, weka CC BY-NC. Hapo mtu hana ruhusa ya kuvichapa na kuviuza kwa faida. Mimi napendelea CC BY, kwa sababu leseni zenye SA zikitofautiana kwenye NC huwa hazichanganyiki: kazi ya CC BY-SA na ya CC BY-NC-SA huwezi kuziunganisha zikawa kazi moja, na mwalimu wa kawaida atakwama hapo. Hayo ni maoni yangu, uamuzi ni wako.

Kubadili mawazo, unaweza kuacha kuvitoa, ila ruhusa uliyokwisha kutoa haifutiki. Aliyechukua nakala jana chini ya leseni ile ataendelea nayo. Hivyo usianze na kile kitini chako kikubwa cha miaka yote. Anza na mada moja, uone moyo wako unavyotulia.

*Je, haya yote yatanipandisha cheo?*
*Mhadhiri Mwandamizi Mtarajiwa, Nakuru*

Ulivyojisaini nimependa. Inategemea vigezo vya chuo chako, na vingi bado vinahesabu makala za majarida kuliko kitu kingine. Mwombe mkutubi akutolee kila muhula idadi ya waliofungua na waliopakua kazi yako kwenye hazina, uiweke kwenye faili pamoja na barua ya mwalimu yeyote wa chuo kingine aliyeitumia darasani. Na kamati ya vigezo ikikutana, mtu awakumbushe kwamba lile pendekezo la UNESCO la 2019 linahimiza wanaotoa nyenzo huria wapewe motisha. Mtu huyo awe wewe, kwa kuwa mimi sialikwi.

*Mama Mkutubi, nafundisha walimu watarajiwa hapa Bungoma, somo la Kiswahili. Kila mafunzo ya nyenzo huria ninayokwenda, mifano ni ya Kiingereza. Sisi wa Kiswahili tuna chochote, au tukae tungoje?*
*Mwalimu wa Walimu, Bungoma*

Mnacho, dada, ila hamjaonyeshwa. Mradi wa TESSA, ulioongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwemo Egerton hapo Njoro, una nyenzo za kuwafunza walimu wa shule za msingi, na zipo za Kiswahili. Leseni yake inaruhusu kurekebisha. Chukua moduli moja, mpe kila mwanafunzi wako shughuli moja aijaribu akiwa mazoezini shuleni, arudi aandike kilichokwama na jinsi alivyokigeuza.

African Storybook, iliyoanzishwa na haohao Saide, ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za huku, Kibukusu na Kijaluo zikiwemo, na mtu anaweza kutafsiri au kutunga yake papo hapo. Kwako ni mgodi: wanafunzi wako wengi wana Kibukusu cha nyumbani na Kiswahili cha darasani. Watafsiri hadithi fupi, wasomeane, wabishane kuhusu sentensi zinazogoma, kisha waipakie. Walimu watarajiwa hufundishika sana wakibishana.

Halafu kuna Wikipedia ya Kiswahili, iliyoko tangu 2003. Wahadhiri wengine huinua pua wakiisikia. Ifungue utafute kata unakotoka, au mto, au mwandishi mnayemfundisha. Mara nyingi utakuta mistari mitatu, au usikute kitu. Mkutubi wako akae na darasa asubuhi moja, awafundishe kutafuta chanzo cha kuaminika na kukiandika, kila kikundi kikuze makala moja. Maandishi ya humo hutolewa kwa CC BY-SA, kwa hiyo waambie mapema kwamba watakachoandika kitarekebishwa na watu wasiowajua, na wasinakili kitabu cha mtu.

Mtakapokwama kwenye istilahi, na mtakwama, msijifungie kubuni peke yenu. Nitumieni orodha kabla ya tarehe ishirini, nitaichapisha hapa toleo lijalo ili walimu wa Kiswahili wa Maseno, Eldoret na kwingineko waseme wanavyoitumia.